Mwanakuu wa Kuze na Njia ya Bara

Mmenisumbua hata nimechoka. Tangu Mfunguo Mosi, Mona, mke wa mwanangu, hanipi raha: niandike habari ya Bi Mwanakuu, niandike, nitakufa nayo. Kwanza sifi leo. Pili, kuandika si kazi yangu. Chuoni nilitolewa nikiwa juzuu ya tatu, nikaambiwa zilizobaki nitazijua jikoni. Lakini Mwanakuu namjua kuliko ndugu zake, maana nyumba zetu hapa Kuze zina ukuta mmoja, na akipiga chafya mimi ndimi nisemaye afya. Basi nitaandika mara moja. Atakayecheka mwandiko wa Zubeida na aje aandike yeye.

Mwanakuu aliolewa na Faraj, na Faraj alikuwa kirongozi. Ninyi mliolikuta gari la moshi hamjui kirongozi ni nani. Zamani mtu aliyetaka bara alikwenda kwa miguu yake. Alitoka hapa kisiwani, akavuka Makupa maji yakipwa, akashika njia ya Rabai, akaingia nyika ya Taru, na kama Mungu amempa maji ya kunywa alifika Taveta. Wengine walipita wakaenda miezi hata Uganda. Misafara ilikuwa mirefu, wa mbele hamwoni wa nyuma, na kirongozi ndiye wa mbele kabisa, mwenye kujua wapi pana kisima na wapi pana wezi.

Sasa wa nyuma atajuaje wa mbele wamepita wapi? Njia zikigawanyika, kirongozi hukata tawi akalilaza juu ya ile isiyo ya msafara. Tawi lile lasema: si huku, hapa umefungiwa. Mpagazi hata awe na mzigo wa kumvunja shingo, halivuki. Likiwa limekauka, ni la watu waliotangulia zamani, hulitazama akapima mwenyewe. Likiwa bichi, basi ni lako wewe, na limewekwa leo.

Njia yenyewe haikuwa ya mtu wala ya Serikali. Ilitunzwa kwa msaragambo, kila watu na kipande chao. Sisi wa Kuze kipande chetu kilitoka Makupa mpaka Kisima cha Mkwajuni, mwendo wa asubuhi nzima. Hapo alipokea Menza na watu wake wa Rabai, na mbele yao Waduruma. Hakuna aliyelipwa. Baada ya masika, na baada ya vuli, mbiu hupigwa, na mwanamume hutoka na panga lake akafyeka mpaka jioni. Msimamizi wa kipande chetu alikuwa Faraj, na kwa ukali wake watu walimwita Bwana Magugu, lakini kisogoni.

Faraj aliondoka mwaka ule vyuma vya reli vinashushwa Kilindini. Watu wakicheka, vyuma vitalala chini visifanye kitu. Tajiri mmoja alimtaka awapeleke wapagazi wake mpaka Uganda. Mwanakuu alimsindikiza hata Makupa, jambo lisilofanywa na mwanamke wa kwao, na leso yake ikalowa mpaka magotini. Hawakuwa na mtoto wa kumpa mkono, kwa hivyo walisimama tu wawili. Faraj hakusema ningojee. Alisema, "Mwaka, ukizidi miwili. Nitakuja kwa ndia hii hii. Usiiwate ikafungwa na magugu."

"Ndia ni ya wanaume," Mwanakuu alimwambia.

"Basi watukane wanaume mpaka waifyeke. Wewe kutukana wajua."

Akaenda. Mwanakuu alisimama mpaka maji yakaanza kujaa.

Mwaka ulipita, na wa pili. Ikaja njaa kubwa, ikaja ndui, na reli ikawa yaenda mbele kila mwezi. Habari ya Faraj ikawa vipande vipande: ameonekana Kibwezi, hapana, yule si yeye, tajiri amekufa na watu wametawanyika. Kila aliyerudi Mwanakuu alimwalika ale, akamwuliza, na akiondoka hubaki akiosha vyombo kwa muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe.

Ndipo siku moja wanaume wakaketi barazani kwa ami yake, Mzee Aidarus, wakakata shauri kwamba mbiu haitapigwa tena. Mzee Aidarus alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema njia imekwisha kazi yake, Mungu ailaze pema, gari la moshi limeiua. Mwanakuu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akitia kahawa. Akatoka nje na buli la kahawa mkononi, mbele ya wanaume.

"Ami, gari likiharibika katikati ya Taru, abiria watashuka waende wapi? Hewani?"

Wakacheka. Mzee Aidarus akasema, "Mwanangu, rudi ndani. Hiyo si njia unayoitaka, ni mtu."

"Na huyo mtu atakujaje, kwa mbawa?"

Kesho yake akaniamsha alfajiri, akaniambia nitafute panga. Nikamwuliza wazimu umemshika lini. Akasema jana alasiri.

Tulianza wanawake sita. Watu wa Kuze walituzomea kama twaenda ngomani. Wake za waungwana kufyeka magugu bara, na kulala huko, maana ukivuka na maji ya asubuhi hurudi mpaka maji ya kesho. Tulilala kwa mke wa Menza, na mke wa Menza akatufundisha kupaka majivu mikononi kabla ya kushika upupu. Siku ile ya kwanza tulifyeka vibaya, mimi nilikata kiatu changu badala ya kichaka cha mkwamba. Lakini Mwanakuu alikuwa amemtazama Faraj miaka, na alijua. Alipima njia kwa kamba, kila mtu kamba mbili. Mwenye nguvu alitangulia na panga, aliyemfuata alikokota matawi pembeni, wa tatu alichimba michirizi maji yasikate njia. Visiki alitaka ving'olewe, si vikatwe, kwa sababu kisiki kilichokatwa humchoma mtu wa usiku. Tukasema, nani aendaye usiku? Akasema hujui mtu atachelewa wapi.

Na mwisho wa kazi, sisi tukijitupa chini, yeye alichukua ufagio akafagia hatua kumi mbele ya kisima, vumbi likalala laini kama unga. Nilidhani ni usafi tu. Baadaye ndipo nikamwona asubuhi ameinama akisoma nyayo. Faraj alikuwa na kidole gumba cha mguu kilichokwenda upande, tangu utoto, na wayo wake hata mimi ningeujua. Alizisoma zote, za Warabai, za mbuzi, za watoto. Kisha akasimama akajifuta mikono, akasema, "Haya, tufanye kazi."

Mwaka wa njaa njia ile iliokoa watu. Walitoka bara mifupa mitupu, wakaifuata kwa sababu ilikuwa wazi, wakafika kisimani. Mmoja wao alikuwa Mutunga, Mkamba, aliyeanguka pale Mkwajuni na tukamnywesha uji kwa kata. Alipopona akapata kazi ya kutengeneza reli huku pwani, akawa msimamizi mdogo. Na kila siku yake ya mapumziko alikuja na sepetu lake akafyeka nasi. Ukimwuliza kwa nini, husema amekunywa maji ya watu. Baada yake wakaja wengine, na wake za wavuvi wa Liwatoni wakaja, na mwisho tukawa arobaini na zaidi.

Watu wakizidi, wavivu nao huzidi. Mwanakuu akaweka sheria. Mtu asipotoka siku ya mbiu bila ugonjwa wala msiba, tutakata tawi bichi tulilaze kizingitini kwake, kama kirongozi alazavyo njiani. Halivuki yeye wala watu wake mpaka atukaribishe kahawa na halua, tulivuke sisi kwanza. Sheria hii ilipendwa kupita kiasi. Kuze nzima ilijua maana yake, hata watoto, na mwenye tawi mlangoni aliimbiwa mpaka apike. Ilikuwa ni mchezo wetu, na Mwanakuu ndiye aliyeutunga, miaka mitatu baada ya Faraj kuondoka. Lishikeni hilo.

Ikafika mwaka wa saba. Masika yale yalikuwa mabaya, na kipande cha chini, karibu na mikoko, kikawa tope la magoti. Mke wa mvuvi mmoja alizama mpaka kiunoni, tukamtoa kwa leso zilizofungwa pamoja. Mutunga akasema tuihamishe njia, tuipandishe kilimani kando ya reli, kuna ukavu na mawe. Sote tukafurahi. Mwanakuu peke yake akakataa.

"Faraj haijui ndia hiyo."

"Mama," Mutunga akamwambia kwa adabu, "pale panapogawanyika tutalaza tawi. Yeye ni kirongozi, atajua."

"Nimlazie tawi mume wangu kwa mkono wangu? Siwezi."

Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na tope mpaka nywele. Nikasema neno ambalo hata leo nikilala hunijia. Nikasema, "Shoga, miaka saba. Faraj hataki ndia tena, ataka sanda."

Mwanakuu alipangusa panga lake kwenye majani, pande zote mbili, akaondoka peke yake kwenda kungoja maji ya Makupa.

Mbiu ilipopigwa tena, Alhamisi, hakutoka. Alikuwa amefunga nyumba akaenda kukaa kwa dada yake Intisar, Liwatoni. Sisi tulikuwa twaondoka kwenda kuikata njia mpya ya kilimani, na tukapita mlangoni kwake. Mmoja akasema, sheria ni sheria. Tukacheka. Na kwa kweli tulitaka aje atukaribishe kahawa, tupatane, maana kazi bila yeye haikuwa na chumvi. Nikakata mimi tawi la mkwaju nyuma ya msikiti, kubwa, lina majani na maua, nikalilaza kizingitini kwa Mwanakuu.

Tulirudi Ijumaa. Mwanakuu alirudi Jumamosi asubuhi, akaliona tawi, nami nikimchungulia dirishani. Alitia mikono kiunoni. Kisha mabega yakamtikisika, kumbe anacheka. Akagonga ukuta wetu, akasema niwaite hao mahasidi waje wanywe. Tukaja, tukalivuka tawi kwa nyimbo, tukajaa ukumbini. Hakutaja neno langu nami sikulitaja. Kahawa ilikuwa na tangawizi na iliki. Mzee Aidarus alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya kichochoro, na naye alipelekewa kikombe.

Ndipo Menza wa Rabai akabisha hodi, na mzigo wa mahindi begani. Mwanakuu akamkaribisha, akamtilia kahawa. Menza hakuketi. Alitutazama tunavyocheka kama mtu aliyekosea nyumba. Akauliza, "Mama, kuna neno gani hapa? Mzee Faraj amekwenda zake na ninyi mwafanya karamu?"

Kahawa ilikuwa yamiminika. Mwanakuu aliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, akaweka buli chini.

Menza akaeleza. Alhamisi alasiri alikuwa kisimani, akaona mtu yuwaja na njia ya chini, ile ya tope, na fimbo, mguu mmoja akiukokota. Akamjua kwa sauti kabla ya uso. Faraj alimwambia aliugua huko Uganda, mguu ukaoza ukapona, akakaa akilima shamba la watu mpaka akapata nauli ya gari. Ameshuka stesheni asubuhi ile ile.

"Nikamwuliza, umefika kwako? Akasema, nimefika mpaka kizingitini. Mlango umelazwa tawi, bichi, majani hayajanywea. Ameniona au amesikia ninakuja, akanifungia."

Menza akatazama mikono yake.

"Nikamwambia, bwana, ndia hii unayoikanyaga, mkeo ndiye aifagiaye. Akatazama chini, akasema, 'Basi amenifagilia ya kuondokea.' Mimi sikusema zaidi. Mambo ya mlango wa mtu sikujua niyaingilieje."

Kutoka barazani Mzee Aidarus, ambaye mato yake yana ukungu, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli, Alhamisi palikuwa na mtu. Amesimama mbele ya mlango muda wa kusoma Yasini. Aliinama akalishika jani, akalisugua kwa vidole. Yeye akadhani ni fakiri ataka sadaka, akamwambia wenyewe hawapo. Yule mtu akasema, "Nimeona," akaokota furushi lake.

Na sisi, wanawake arobaini, Alhamisi ile tulikuwa kilimani kando ya reli, twaimba, na yeye akapita chini yetu, mikoko katikati.

Mwanakuu aliuliza, "Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Anakula vizuri? Amekonda?"

"Amekonda, mama."

Akanigeukia mimi. Nilitamani anipige kofi mbele ya wote. Akasema, "Sheria ni yangu, mkono ni wako. Mzigo huu tutauchukua sote wawili. Vaa."

Hatukungoja maji. Kwa mara ya kwanza alikubali kupita daraja la gari la moshi pale Makupa, juu ya reli, yeye aliyeapa hatalikanyaga. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na Mutunga. Kisimani pale Mkwajuni vumbi alilolifagia lilikuwa limeshikwa na nyayo nyingi, lakini mbele kidogo, penye mchanga wenye unyevu, tuliuona: wayo wa kulia na kidole kilichokwenda upande, wa kushoto umeburutwa, na tundu la fimbo. Mwanakuu alipiga magoti. Hakulia. Alitafuta kigae cha mtungi uliovunjika, akaufunika wayo mmoja, kwa taratibu kama mtu afunikaye chakula cha anayechelewa.

Tukazifuata nyayo mpaka kipande cha Menza kikaisha. Mtu kiwete, na siku mbili tu mbele yetu; Mwanakuu alisema tutamkuta kesho. Lakini mbele ilikuwa kipande cha Waduruma, na wao waliacha kufyeka tangu gari lilipoanza kwenda. Njia haikuwapo. Palikuwa na miiba, na vijia vya mbuzi vitano, sita, kila kimoja chaingia mwituni upande wake. Nyayo ziliingia penye nyasi kavu, zikapotea. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Mutunga akasema turudi, tupande gari mpaka Voi, tumwulizie huko.

"Akiwa yumo humu, gari litampita," akasema Mwanakuu. Akachomoa panga, akaanza kufyeka pale pale aliposimama.

Mutunga alipanda gari peke yake, akauliza kila stesheni mpaka Kibwezi. Hakuna aliyemwona. Na mpaka leo hayuko aliyesema amemwona, wala hayuko aliyesema amemzika.

Tangu hapo kipande cha Kuze hakina mwisho. Njia ya chini tuliirudisha, tukaijaza mawe na makumbi, ya kilimani tukaiacha. Kisha tukaingia kwa Waduruma, kamba kwa kamba, masika kwa masika. Wengine walichoka, wengine walikuja wapya. Tawi milangoni halikulazwa tena, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lakini huko mwituni Mwanakuu alilaza matawi yake mwenyewe. Kila kijia cha mbuzi kilichotoka pembeni, alikifunga. Kila njia panda, alifunga zote akaacha moja. Nilimwuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Akitokea upande wowote wa bara, ndia iliyo wazi iwe moja tu, na ifike mlangoni kwangu."

Miaka kumi hiyo. Tumefika Maji ya Chumvi, tumepita. Mwaka jana magoti yake yalikataa. Sasa anaketi kizingitini mchana kutwa, mlango wazi, hata mvua ikinyesha yaingia ukumbini naye hafungi. Tukirudi kutoka kazini hajali salamu. Huuliza, "Mmefika wapi?" Nikimwambia, hufumba mato, na midomo yake hutembea, yuwahesabu kamba zilizobaki. Juzi nilimwambia tumepata kamba kumi na mbili tu, watu ni wachache. Akasema, "Zubeida, mimi sina haraka. Yeye ndiye mwenye mguu mbovu."

Basi Mona, nimeandika. Na wewe usomaye, usiniambie, "Umeandika vizuri, Bi Zubeida, Mungu akuzidishie." Sitaki. Kama wapanda gari kwenda bara, kila stesheni shuka, uliza mzee wa Mvita, mguu wa kushoto mbovu, kirongozi zamani. Ukimwona, mwambie tawi lile nililikata mimi, Zubeida wa mlango wa pili, lilikuwa ni mchezo wa wanawake, na mkewe hakulijua. Mwambie hivyo hivyo, usitie maneno yako.

Na kama huendi bara, Alhamisi ijayo maji yapwa asubuhi. Njoo Makupa na panga lako mwenyewe, mimi sina la kuazima. Majivu ya upupu tutakupa. Uwe umekula kabisa kwenu.